Marehemu Hachechemei

Mama Vishindo alikuwa na kazi ambayo hata mama yake mzazi hakuwahi kuielewa. Mtu akionekana kwenye sinema anapanda ngazi, ile sauti ya viatu si yake. Ni ya Mama Vishindo, aliyesimama siku nyingine kabisa ndani ya chumba kisicho na dirisha, anakanyaga vigae huku ameikodolea macho miguu ya kwenye skrini. Mlango ukilia, ni yeye na mlango wake mkuukuu usio na nyumba. Mfupa ukivunjika, amevunja kabichi.

Sinema ya safari hii ilikuwa ya kutisha. Mjane anasikia viatu vya marehemu mumewe vikitembea ndani ya nyumba, na mtazamaji hajui kama ni mzimu, ni mtu mbaya, au ni akili ya mama wa watu iliyochoshwa na majonzi. Mama Vishindo mwenyewe alikuwa mjane wa miezi minane. Baada ya mazishi alilala kitandani hadi akasahau kuoga, kisha akakaa wiki tatu katika wodi ya wagonjwa wa akili. Alitoka na vidonge vyake, na ruhusa ya daktari kurudi kazini mradi awe na mtu wa kumwangalia.

Mtu huyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Enzi zake alinusa peremende iliyofichwa chini ya godoro. Watu wote walimwita Matroni, na sharti lake lilikuwa moja.

"Nikiona dalili hata moja, wifi, tunarudi nyumbani, na kazi hii basi."

"Dalili gani?"

"Kuongea peke yako, kwa mfano."

Kumbe kazi yenyewe ndiyo ya kuongea peke yako! Siku ya kwanza tu Matroni alimkuta wifi yake akikigombeza kiatu cha kisigino kirefu: "Punguza maringo, wewe umefiwa." Matroni akatoa daftari, akaandika. Masikio, fundi wa kurekodi, akajitosa kumtetea kutoka nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo.

"Matroni, sisi hapa sote tunaongea na viatu."

Matroni akamwandika na yeye.

Mama Vishindo alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Alijua akirudishwa nyumbani kitanda kile kinamsubiri, na alikiogopa kitanda kile kuliko mzimu wowote wa sinema.

Siku ya tatu ikafika zamu ya viatu vya marehemu. Rafu yake ilikuwa na jozi arobaini, na hakuna hata moja iliyokuwa na uzito alioutaka mwongozaji, kijana aliyeitwa Bwana Tena kwa sababu hilo ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Kwa hiyo asubuhi hiyo Mama Vishindo alikuja na viatu vya ngozi vya mumewe, alivyovichomoa kimyakimya kwenye furushi ambalo Matroni alikuwa amelifunga la kugawa. Ni vifaa vya kazi tu, alijipa moyo. Akavijaza soksi, akavivaa. Matroni hakuona, alikuwa kwenye kochi karibu na mlango, ameinamia kabichi ya jana, ile iliyokuwa mkono uliovunjika, akiichambua kwa ajili ya chakula cha mchana.

Skrini ikawaka. Mjane yuko jikoni, viatu vinakuja koridoni, lakini mwenye viatu haonekani. Hapakuwa na miguu ya kufuata. Mama Vishindo alifumba macho, akaiachia miguu yake iende.

Ko, shaa. Ko, shaa.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi, na tangu hapo mguu wa kushoto ukawa unaburuta kidogo. Kila alipofika mlangoni aligonga ncha za viatu mara mbili, kukung'uta udongo.

Ko, shaa. Ko-ko.

"Kaka, vua viatu hukohuko, nimepiga deki!" alisema Matroni bila kuinua kichwa.

Kisha akakiinua. Jani la kabichi mkononi, akageuka kuutazama mlango, akangoja ufunguke.

"Marehemu wangu hachechemei!" sauti ya Bwana Tena ikapasua kimya kwenye spika, kutoka chumba cha mitambo. "Na aliyepiga deki ni nani?"

Mama Vishindo alifumbua macho. Leo ndiyo leo, alijua. Akatazama chini, akaona viatu alivyovaa, akamtazama Matroni. Matroni alikuwa analia.

"Nimemsikia, wifi. Akili zangu timamu, na kabichi mkononi."

"Hata mimi nimemsikia."

"Miezi minane nakuangalia wewe. Mimi hakuna aliyeniangalia."

Mama Vishindo akaenda akamkumbatia, wakalia pamoja, kilio ambacho kila mmoja alikuwa akikificha ili asimtoneshe mwenzake kidonda. Kisha akalichukua lile daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Matroni. Anagombana na marehemu kwa sababu ya deki." Wakaangua kicheko kikali hata Masikio akavua vipokea sauti.

"Mnajua nini?" Bwana Tena alisema. "Tuziache hatua hizo. Zinatisha vizuri."

"Hapana," walijibu kwa pamoja.

"Huyo si wako," Matroni akamkazia. "Tafuta wako."

Masikio hakungoja amri. Alimtumia Mama Vishindo sauti ile kwenye simu, pamoja na ile deki ya Matroni, kisha akaifuta kwenye mashine.

Mama Vishindo akakaa chini, akafungua kamba, akavivua viatu kimoja kimoja. Alimkabidhi Matroni, naye hakuuliza vimetokaje kwenye furushi. Alivipakata tu, juu ya kabichi. Mama Vishindo akaenda kwenye rafu, akachagua jozi nyeusi isiyomkumbusha mtu yeyote, akasimama juu ya kigae. Akajaribu hatua mbili. Miguu yote ikalia sawa.

"Haya, Bwana Tena," alisema, "mlete marehemu wako. Wetu ameshavua viatu."