Ngazi za Inuyama

Faruk, rafiki yangu wa Bwera, kwetu Uganda mpakani na Kongo, niliyeendesha naye malori miaka mingi, alinicheka siku niliyoondoka. "Mahmood, na goti hilo? Huko Japani utapigwa picha umekaa kwenye kiti." Nikamwahidi picha nikiwa juu kabisa ya ngome moja ya huko.

Binti yangu Naswiba anafanya kazi Nagoya, kwenye yadi ya magari. Siku yake ya mapumziko alinipeleka kwa treni hadi Inuyama, mji wa kale wenye ngome ya mbao juu ya kilima. Nilikuwa nimeshasoma habari zake. Mtu kama mimi, aliyesoma shule ya usiku, hasafiri gizani.

Mlangoni nilivua viatu, nikavipanga ukutani kama msikitini kwetu. Mzee wa zamu akainama, akanipa mfuko.

"Unavibeba, Baba," Naswiba akacheka.

"Kwani hapa kuna wezi?"

"Hakuna. Ndiyo kanuni yao."

Kisha akaziona ngazi, kicheko kikaisha. Zilikaribia kusimama wima. "Hapana. Wewe baki hapa chini."

"Mimi nimezaliwa Mahango, milimani. Kule tunalima mahali ambapo mbuzi anafikiri kwanza."

Nikapanda. Goti lililia, mimi nikazidi kupanda. Juu kuna roshani na upepo mzuri, na chini mto mpana. Ng'ambo ni mkoa mwingine. Naswiba akanipiga picha, nikaituma, nikampigia Faruk. Kwao ndiyo kwanza kunakucha.

"Naona mto wa mpaka, kama wetu na Kongo!"

"Na forodha iko wapi?"

"Hakuna."

"Malori inangoja wapi?"

"Hayangoji."

"Basi hiyo si mpaka, mzee. Hiyo iko bustani."

Wakati wa kushuka, Naswiba akaganda. Yeye amekulia Kasese mjini, kwenye tambarare. Alikumbatia nguzo, na watu wakajipanga nyuma yake.

"Baba, siwezi."

Nikachukua viatu vyake, nikatangulia. "Geuka, uso kwenye ngazi. Usiitafute ngazi ya chini kwa macho, itafute kwa mguu. Mimi niko hapa."

Tukashuka hivyo, ghorofa baada ya ghorofa, mguu wake ukitua pale nilipoondoa mkono wangu.

Mtaani, tukila vitonge vya wali vilivyochomwa kwenye vijiti, Faruk akapiga simu, akaomba kusema na binti yangu. "Naswiba, sema ukweli. Walimbeba?"

"Hakubebwa, Mzee Faruk," akajibu. "Aliyekaribia kubebwa ni mimi."

Nikanyoosha goti juani, nikaomba kijiti kingine.