Bana Pumzi

Mwaka huu nimepiga picha tatu nzuri, na naomba mtu asinibishie. Kazi yangu ni kutengeneza friji. Kamera niliinunua kwa mteja aliyekuwa anahama, imechubuka pembeni kama sufuria ya zamani, na tangu siku hiyo haibanduki shingoni mwangu. Wanaosema napoteza muda wana picha zao za simu, kidole kimeziba nusu ya sura. Nawaachia.

Ya kwanza ni ya muuza vioo. Alikuwa anavuka barabara na kioo kikubwa mikononi, na ndani ya kioo anaonekana jirani yangu dirishani, anapiga mswaki, mdomo umejaa povu. Muuza vioo mwenyewe ni miguu tu. Jirani aliniomba niifute. Nikamwambia povu lile limempendeza kuliko suti yake, akacheka, yakaisha.

Ya pili niliipiga kutoka ndani ya friji niliyokuwa naitengeneza. Msicheke. Friji ya duka la dawa ilikuwa imekufa tangu asubuhi na mwenye duka alikuwa amekata tamaa, dawa zake zimerundikwa kwenye ndoo ya barafu. Taa ilipowaka ghafla ikammulika usoni. Sijaona bwana harusi mwenye furaha ile.

Hizo mbili nilizipata kwa jicho. Ya tatu niliipata kwa ukaidi, na ndiyo ninayoipenda.

Dada yangu ni muuguzi. Alipata kazi nchi ya mbali, na tangu aliposema ameikubali, mama akamnunia. Si kununa kwa mchezo. Akitaka chumvi alikuwa ananiambia mimi, "Mwambie huyo mwenzako asogeze chumvi," na dada ameketi palepale, mkono juu ya kopo. Siku ya safari ikafika wakiwa vilevile.

"Mdogo wangu, nipatie picha moja na mama," dada aliniambia huku anafunga zipu ya begi. "Sitaki kuondoka nikikumbuka mgongo wake tu."

Niliogopa kweli. Nawajua wale wawili. Dada akitoka mlangoni bila neno la mama, hakuna atakayekuwa wa kwanza kupiga simu, na kimya kile kingekula miaka. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, ni picha tu. Huna haja ya kusema kitu."

"Picha tu," akajibu. "Halafu kila mtu ashike njia yake."

Wakasimama sebuleni, migongo ukutani, kati yao nafasi ya mtu wa tatu, tena mnene.

Hapa inabidi niwaeleze ugonjwa wa familia yetu. Mama alikulia jirani na studio ya mpiga picha wa zamani, ambaye kamera yake ilikuwa inachukua muda kunasa sura, kwa hiyo kila mteja aliamriwa, "Bana pumzi!" Kamera zikabadilika, mama hakubadilika, na sisi akaturithisha. Albamu yetu nzima ni watu waliovimba mashavu na kutoa macho, utadhani tulipigwa picha chini ya maji. Siku zote huwa nawasihi wapumue. Siku ile sikuwasihi.

Nikainua kamera. Mama akabana pumzi. Dada naye akabana. Nami nikaanza kuzungusha lenzi taratibu, bila sababu yoyote.

"Bado kidogo," nikasema. "Huu mwanga... subirini."

Mama akanikata jicho, mashavu yamejaa. Alitaka kunigombeza, lakini angeiharibu picha. Mabega ya dada yakaanza kutikisika.

"Msitingishike. Kidogo tu."

Nilikuwa na hakika kwamba hasira ya mama na pumzi yake zimefungiwa mahali pamoja, na kwamba moja ikitoka, nyingine haitabaki. Nikaendelea kuzungusha lenzi.

Mama ndiye aliyeshindwa kwanza. Pumzi ikamtoka kwa kishindo.

"Utaniua wewe mtoto na hilo likamera lako!"

Dada akaangua kicheko. Mama naye akacheka, hakupenda lakini akacheka, akamshika dada mkono asije akaanguka, na kabla hajauachia, kicheko kikageuka kilio. Hapo ndipo nilipobonyeza. Picha imetoka safi kabisa. Mdomo wa mama uko wazi, kitambaa cha dada kichwani kimeenda upande, na ile nafasi ya mtu wa tatu haipo. Sioni haya kusema kwamba na mimi nililia, ila nilibonyeza kwanza.

"Mimi sikukukataza kwenda," mama alimwambia dada. Tangu anune, hakuwa amemsemesha bila kunipitia mimi. "Nilichokataa ni kukuaga. Siwezi. Nikikuaga ndiyo umeondoka."

"Basi usiniage, mama. Nisindikize."

Mama akajifuta uso kwa upindo wa nguo. Akatazama miguu yake, akaingia chumbani kutafuta viatu.