Maji ya Chumba Namba Moja

Kila siku saa kumi alasiri, meli ikiwa bandarini au katikati ya bahari, Kondo Mfaume aliingia chumba namba moja na taulo mbili begani, akaziba tundu la hodhi la kuogea kwa kizibo cha mpira, akafungua koki ya moto kwanza, kisha ya baridi. Bibi Ingrid alipenda maji yafike chini kidogo ya ukingo na yasiwe ya kuunguza. Ilikuwa mwaka 1968, na Kondo alikuwa na siku tatu tu katika kazi hiyo, siku aliyomsikia mkewe akitoka kwenye koki ya baridi.

Hakuwa akimwita. Alikuwa akigombana. "Sikudhani, ondoa debe lako hapo, mimi nimetangulia," Mwanaamina alisema, na sauti yake ikaangukia ndani ya hodhi pamoja na maji. Sikudhani, jirani yao, akajibu kwamba mto hauna foleni. Wanawake wengine wakacheka. Kondo alifunga koki, maneno yakakatika; akafungua, yakaendelea palepale yalipoachia. Hodhi lilipojaa akajaribu joto kwa kiwiko, akapanga taulo mahali pake, akaenda kumwita bibi.

Jioni alishuka kwenye injini kumwuliza fundi Didas, aliyekuwa na miaka sita melini.

"Ni maji ya Dar," Didas alisema, akijifuta mikono kwa tambara. "Ya Mombasa yana chumvi kidogo. Ya Shelisheli yako kimya. Ya Dar yanaongea. Si yanatoka Ruvu?"

"Najua yanatoka Ruvu."

"Sasa unauliza nini?"

Kwa kweli hapakuwa na la kuuliza. Kondo alizaliwa kwenye kitongoji kimoja karibu na Mlandizi. Wanawake wa kwao waliteka maji mtoni, juu kidogo ya mahali pampu inapovuta, na walichosema wakiwa wameinama kiliingia kwenye bomba, kikapita Kongowe na Kibaha kando ya barabara kuu, kikalala kwenye matangi ya mjini, kisha kikapakiwa melini kwa mpira mnene. Safari hiyo ilichukua siku nane. Barua ya Mwanaamina, iandikwe na mwalimu wa chuo cha Kurani, ipelekwe posta, iifuate meli visiwani, ilichukua mwezi na zaidi.

Meli yenyewe iliitwa Irini. Ilikuwa ndogo, ya anasa: vyumba kumi na viwili, mpiga kinanda mmoja, na mpishi ambaye kazi yake ilikuwa keki peke yake. Iliwapeleka Wazungu kuangalia Mafia, Komoro na Shelisheli, na baada ya siku kumi na nne ikarudi Dar es Salaam kuchukua maji, mananasi na abiria wapya. Abiria waliamka, wakaoga, wakanywa chai, wakashushwa ufukweni kuokota makombe, wakarudishwa melini, wakaoga tena kuondoa mchanga, wakala, na kabla ya kuvaa nguo za chakula cha jioni wakaoga mara ya tatu. Mabaharia waliogea maji ya bahari, na kila mmoja alipewa kopo moja la maji matamu ya kujisuuzia. Kondo alilisikiliza kopo lake kila asubuhi, lakini kopo moja halitoshi hata salamu.

Abiria wachache walilalamika. Mzee Shomari, msimamizi wa vyumba, mtu wa Kibuta kule Kisarawe aliyependa mambo yaandikwe, akabandika tangazo katika kila bafu: maji yaliyopakiwa Dar es Salaam hutoa sauti, ni salama kwa kuoga na kupiga mswaki. Malalamiko yakaisha.

Bibi Ingrid hakulalamika kamwe. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye masikio makali, na kila mwaka alikodi chumba namba moja kwa msimu mzima kwa sababu nyumbani kwake, alisema, hapakuwa na mtu wa kumngoja. Wiki ya pili alimwuliza Kondo, "Ni nani huyu anayesema kwa haraka?"

"Mke wangu, bibi."

"Anasema nini?"

"Anasema kuni zimelowa. Yuko mtoni, anateka maji."

Bibi alifikiri kidogo. "Maji haya yanapita kwenye bomba. Mbona yeye anayafuata mtoni?"

"Bomba linapita tu, bibi. Halisimami."

Hakumweleza habari ya mtaro. Mwaka uliotangulia, watu wa kitongoji chao walikuwa wameambiwa wachimbe kwa nguvu zao wenyewe mtaro wa kuleta maji kutoka bomba kubwa mpaka kwenye nyumba, na wakubwa wa maji wangeleta mabomba madogo. Kondo alichimba zamu yake na ya baba yake aliyekuwa na pumu. Walichimba kwa nyimbo, wakamaliza kabla ya siku iliyopangwa. Mabomba madogo hayakuja. Mvua ziliujaza mtaro udongo, majani yakaota, na mbuzi wakapata mahali pazuri pa kulala.

Mwaka ulipoisha Kondo alipata likizo ya mwezi mmoja. Mwezi mzima alibeba maji yeye, kwa mzega, debe mbele na debe nyuma, wanawake wakimcheka kwa mwendo wake wa meli. Siku ya kwanza tu alimwambia Mwanaamina kwamba humsikia.

Mwanaamina alikuwa akipepeta mchele. Hakuacha. "Unasikia yote?"

"Yanayonifikia."

"Na yale niliyosema juu ya mama yako?"

"Hayo pia."

"Basi ungekohoa," alisema Mwanaamina, na baada ya hapo akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

Alipokuwa akiondoka walipatana. Kila asubuhi, kabla ya kuzamisha debe, Mwanaamina angeinama na kusema na mumewe waziwazi. Kwamba Kondo asingeweza kujibu hawakulizungumza sana, maji hayarudi. Aliahidi kuandika barua.

Tangu hapo kazi ya Kondo ilikuwa na mashaka mapya. Maneno ya mkewe yalikuwa yametawanyika katika tangi moja lililogawiwa vyumba kumi na viwili, na hakujua yatatokea wapi. Aliwahi kusikia kwenye chumba namba nne, "Nina jambo la kukueleza," na jambo lenyewe likatokea siku mbili baadaye katika chumba namba tisa, kwenye mfereji wa juu, mama mmoja akisuuza nywele: Mwanaamina alikuwa na mimba. Kondo alisimama ukumbini na birika la kahawa, akisikilizia mlangoni. Alifurahi hata akamwagia kahawa soksi zake nyeupe, na Mzee Shomari akaliandika.

Bibi Ingrid alipojua, alitaka kusaidia. Alisema ni aibu mtu kuoga mara tatu wakati mwanamke mjamzito anabeba maji kichwani. Ataoga mara moja kwa siku mbili.

"Nakuomba usifanye hivyo, bibi," alisema Kondo. "Oga. Jaza mpaka juu."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe aliona haya. Lakini ndivyo ilivyokuwa: koki isipofunguliwa, mkewe hasemi. Kila alipomwomba Mungu katika sala ya alfajiri kwamba bomba lifunguliwe kijijini, alijua kwamba anaomba pia asimsikie tena Mwanaamina. Aliomba hivyo hivyo, na alasiri aliharakisha kwenda kufungua maji.

Bibi akaendelea kuoga. Ila sasa alisimama nje, kwenye baraza ya meli, amevaa joho la kuogea, mpaka Kondo amalize kusikiliza. Maji yalipoa, naye akaoga maji yaliyopoa. Kondo alimpenda kwa hilo, kwa namna ambayo hakuwa na jina lake.

Halafu Mwanaamina akanyamaza. Kwa hesabu ya Kondo, aliyoihesabu kwa safari za meli, mimba ilikuwa ya miezi saba. Maji mapya yalipakiwa, hodhi likajaa, wanawake wakasema habari za mihogo na za mamba. Mamba alikuwa ameonekana pale wanapoteka. Alikuwa amemchukua mbuzi, na baada ya mbuzi, dada wa jirani yao mwingine, Mwishehe. Sauti ya Mwanaamina haikuwamo. Kondo alifungua koki za vyumba vyote kumi na viwili abiria wakiwa kwenye chakula. Haikuwamo.

Meli iliporudi Dar alipewa ruhusa ya muda wa saa tano. Alipanda basi la Morogoro. Kongowe injini ikachemka, na utingo akaenda nyumba kwa nyumba na kopo kuomba maji ya kutia kwenye rejeta, akapewa nusu kopo, kwa sababu siku hiyo watu wa huko walikuwa bado hawajarudi kutoka kisimani. Bomba kubwa lilikuwa pale kando ya barabara, hatua kumi kutoka kwenye basi. Kondo aliliwekea mkono, kisha sikio. Lilikuwa la baridi, na ndani yake maji yalikwenda upande ambao yeye alikuwa ametoka. Alitazama saa. Kama angesonga mbele, meli ingeondoka bila yeye, na pasi yake ilikuwa kwa nahodha. Akavuka barabara, akapanda gari la kurudi.

Siku ya tatu baharini Mzee Shomari alikuwa akisoma malalamiko, miwani puani. "Bwana wa namba saba anasema sinki lake limepiga vigelegele wakati ananyoa. Amejikata kidevu."

Kondo aliweka sinia chini. "Vigelegele vya watu wangapi?"

"Mimi nilikuwapo? Anasema ni wengi." Mzee Shomari akaivua miwani. "Mtoni hakuna harusi, mdogo wangu. Na watu hawapigi vigelegele kama mama amepata tatizo. Wewe ulihesabu vibaya, basi, na mkeo amejifungua. Hongera."

Kondo akalia pale pale, kati ya vikombe, na Mzee Shomari akamshikia sinia. Hilo hakuliandika.

Siku arobaini Mwanaamina alikuwa ndani, kama ilivyo desturi, na siku nane zikaenda kwenye bomba. Hodhi la chumba namba moja lilikuwa limefika nusu aliposema, taratibu, kama aliyekuwa amejiandaa: "Baba Mwanakheri, leo nimetoka arobaini. Mtoto huyu hapa mgongoni. Sikiliza." Kwa njia hiyo Kondo alijua mara moja kwamba ni binti na kwamba anaitwa Mwanakheri. Koki ikalia kilio kidogo, chembamba, chenye hasira. Nje kwenye baraza Bibi Ingrid alifunga vizuri joho lake na kugeukia bahari.

Mwanakheri alisikika mpaka alipoachishwa ziwa. Baadaye aliachwa nyumbani pamoja na bibi yake. Kondo alimkosa, na alifurahi kumkosa. Kwenye likizo alimwambia mkewe, "Huyu asije akaujua ule mto."

"Hataujua," alisema Mwanaamina. "Akifika umri wa kubeba, maji yatakuwa mlangoni."

Mwaka 1974 kitongoji kilihamishwa. Watu walivunja nyumba zao, wakajenga upya barabarani, kwa mistari, ili huduma ziwafikie kwa urahisi. Bomba kubwa likawa hatua arobaini kutoka mlango wa Mwanaamina; mto ukawa mwendo wa saa nzima. Sauti yake sasa ilifika melini ikitweta. "Wametuambia tuchimbe mtaro," alisema katika hodhi. "Tumechimba." Kondo alipofika likizo alichimba naye, zamu yake na ya baba yake, ambaye sasa alikuwa marehemu. Mtaro huu ulikuwa mfupi. Mbuzi waliugundua mapema zaidi.

Miaka miwili baadaye, alasiri moja ya Novemba, Irini ilikuwa imetia nanga mbele ya kisiwa cheupe ambacho abiria walikuwa wamekwisha kukipiga picha. Kondo, mwenye mvi chache sasa, aliingia chumba namba moja na taulo mbili begani. Aliziba tundu. Akafungua ya moto, kisha ya baridi.

"Hapa?" ikauliza sauti ndogo.

"Hapo. Inama, ila usiingie majini," ilisema sauti ya Sikudhani, iliyozeeka kidogo. "Mamba yule bado yupo."

"Nasema tu?"

"Sema. Baba yako anasikia."

Kondo alishika ukingo wa hodhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," alisema Mwanakheri. "Mama kiuno kinamuuma, hawezi kutembea, kwa hiyo nimekuja mimi. Nimepewa ndoo ya mama, ile ya bluu. Si nzito."

"Marahaba, mwanangu," Kondo aliyaambia maji.

Aliyaacha yaendelee mpaka yakafika chini kidogo ya ukingo, akafunga koki zote mbili. Akajaribu joto kwa kiwiko. Aligeuka akamkuta Bibi Ingrid mlangoni, mkono kwenye mkanda wa joho, sikio limeelekea ndani. Alikuwa amezeeka, lakini masikio yake hayakuwa yamezeeka.

"Huyo si mke wako," alisema.

"Siye, bibi. Ni mtoto."

"Anasema nini?"

"Anasema ndoo si nzito."

Bibi Ingrid alikaza mkanda wa joho. Kondo akazipanga taulo mahali pake, akampisha apite, na akauvuta mlango nyuma yake taratibu ili usijifunge kwa kishindo.