Wakia Moja Iliyozidi

Kezia alifika Homa Bay Jumapili moja ya mwaka 1967, amepakata mpira kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliushona mwenyewe kwao Kehancha, yeye mshonaji wa viatu na mikanda: vipande kumi na vinane vya ngozi ya ng'ombe, vimepangwa vitatu vitatu, mishono yote imegeuziwa ndani, ukabaki mdomo mmoja tu wa kufunga kwa kamba. Kibofu cha ndani alipewa na Mwalimu Monari, katibu wa kamati ya mpira wa shule, pamoja na ahadi. Mpira ukikubaliwa kwa vipimo, utachezewa siku hiyo hiyo, na Kezia atashona mingine sita ya shule za wilaya. Ukikataliwa, basi, shule zitaendelea kungoja mipira ya ng'ambo na yeye arudi kwenye viatu vyake.

Walipimia kwenye baraza la duka la Truphena, karibu na uwanja. Truphena alikuwa Msabato. Jana yake alifunga duka, leo lilikuwa wazi, na mizani yake ya sukari ilikuwa imefutwa ikang'aa.

Mwalimu Monari alishika karatasi ya kanuni, akauzungushia mpira utepe wa fundi cherehani. "Inchi ishirini na saba na nusu. Inatakiwa kati ya ishirini na saba na ishirini na nane. Hapo umepita, mama."

"Nilisema mimi!" akadakia Gisiri, shemeji yake Kezia, nahodha wa timu ya Kehancha iliyokuja kucheza na Homa Bay.

"Ngoja kwanza. Uzito usipungue wakia kumi na nne, usizidi kumi na sita. Yaani usizidi ratili moja."

Truphena akaweka jiwe la ratili upande huu na mpira upande ule. Upande wa mpira ukashuka, tena bila haya. Akaongeza kijiwe cha wakia moja. Mizani ikatulia.

"Kumi na saba," akasema Mwalimu.

"Haiwezekani!" akasema Kezia. "Juzi niliupima dukani Isebania, ukawa kumi na tano."

"Yawa! Labda umeshika mimba njiani," Truphena akasema.

"Basi tungoje uzae," Gisiri akajibu. "Mtoto tutawaachia nyinyi wa Homa Bay."

Kezia hakucheka. Aliunusa mpira, akaubonyeza kwa dole gumba. Dole likatoka linang'aa. Hapo akakumbuka. Jana jioni, baada ya kazi yote kwisha, aliupaka samli mara mbili na kuukanda mpaka ikaingia yote. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: ngozi haitoki mkononi mwa fundi ikiwa kavu, iwe ya kuvaa, iwe ya kulalia.

"Ni samli, Mwalimu. Wakia mbili za samli."

"Pole sana, mama. Kanuni haijui samli."

Wakachukua mpira wa akiba, wa kiwandani, wenye wakia kumi na tano kamili. Gisiri akaenda uwanjani. Kezia alibaki na Mwalimu, ambaye alikuwa akikunja karatasi yake.

"Hebu nisomee tena hapo pa uzito."

"Usizidi wakia kumi na sita mwanzoni mwa mchezo."

"Mwanzoni? Na mwishoni?"

"Mwishoni hakuna neno."

"Kwa nini?"

Mwalimu akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Miaka tisa alikuwa katika mambo ya mpira na swali hilo hakuwahi kuulizwa. "Sijui," akakiri.

"Mtu hasemi mwanzoni kama kitu hakibadiliki," alisema Kezia.

Kipindi cha pili mvua ikaja kutoka upande wa ziwa. Watazamaji wakakimbilia barazani. Kezia alishuka na mpira wake, akauweka kwenye nyasi nyuma ya goli, akasimama hapo hapo, maji yakimchuruzika. Alimwona Gisiri akipiga mpira wa juu kwa kichwa, kisha akabaki ameshika paji la uso kama aliyegongwa na mlango.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Kehancha wamefungwa mbili kwa moja, Kezia aliuomba mpira wa mchezo. Akaipeleka yote miwili kwa Truphena, akaifuta kwa kitambaa kimoja.

Wa kiwandani: wakia ishirini na moja.

Wa Kezia: kumi na saba, na kijisehemu ambacho Truphena hakuwa na jiwe la kukipimia.

Mwalimu Monari akarudia kupima kwa mkono wake. "Huu umekunywa wakia sita. Wako mbona haukunywa?"

"Wangu ulikuja umeshiba."

Gisiri akacheka huku anasugua paji la uso. Mwalimu hakuondoa macho kwenye mizani.

"Hata hivyo ulizidi mwanzoni, mama. Huu siwezi kuukubali."

"Najua. Kosa ni la ngozi, niliiacha nene. Nitaikwangua kwa ndani mpaka zitoke wakia mbili, halafu samli izirudishe."

Mwalimu akamrudishia mpira wake. "Niletee mmoja wa namna hiyo. Ukipita, ile sita ni yako. Lakini upimwe baada ya samli, si kabla."

"Na baada ya mvua," alisema Kezia. "Andika hilo pia."

Mwalimu akaanza kujipapasa mifukoni, akitafuta kalamu.