Wakaaji wa Ndani ya Mgomba

Kila Jumatatu, katika maabara ya kilimo nyuma ya maghala ya bandari, Daphrose aliosha vipande vya shina la mgomba kwa alkoholi, hadi nje pasibaki kitu chenye uhai. Bahizire, fundi kutoka Uvira, alivitwanga na kupaka maji yake kwenye visahani vya kioo. Bakteria walioota baada ya hapo walijulikana kuwa wakaaji wa ndani, wasioudhuru mmea.

Mwezi wa tano 1973, kisahani cha mgomba wa shamba jipya la kando ya mto kiliota madoa meupe. Daphrose alipofunua kifuniko, mumewe Hyacinthe alikohoa kutoka ndani ya kisahani. Mwaka mmoja kabla, askari walikuwa wamemtoa humo maabarani, alikokuwa mkuu, na kumpakia kwenye lori.

"Mama Jovithe, bado unavunja vioo?"

"Viwili tu. Uko wapi?"

"Mu shamba, ku mizizi. Tuko wengi, tumebanana kama samaki ya ndagala mu gunia."

Bahizire alisogea. "Mukubwa, ufunguo ya kabati uliweka wapi?"

"Iko mu mufuko yangu."

"Tulivunja kabati," alisema Bahizire, akaandika kwenye ripoti: mgomba mzima, hauna ugonjwa.

Muda wa kuondoa matanga ulikuwa umefika, na kabla ya hapo binti yao Jovithe asingeweza kuolewa. Lakini serikali ilikuwa imemwandika Hyacinthe miongoni mwa waliotoroka nchi, na shemeji zake Daphrose waliogopa kukusanyika bila karatasi ya kifo. Basi alifunika kisahani kwa kitambaa, akakipeleka kwenye ofisi ya kuandikisha vifo.

Karani Adolphe alisikiliza kwa adabu.

"We ni Hyacinthe?"

"Ni mimi. Walituua siku ya Jumanne, kando ya mto. Andika."

Karani aliweka kalamu chini. "Mutu mwenye kusema hajafa, mama. Na kama hajafa, alikimbia, vile imeandikwa."

"Lakini anakaa mu mgomba!"

"Hiyo ni anwani, mama. Si kifo."

Akaandika anwani mpya, akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Aliyefuata alikuwa mama kutoka mtaa wa Musaga mwenye kikapu cha mihogo. Ndani ya mihogo, vijana wawili walikuwa wakibishana. Daphrose alimshika mkono.

"Wanyamazishe kwanza, dada," alimnong'oneza. "Wakisema tu, wanaandikwa wazima."