Siku ya Thelathini na Moja

Zuena alibonyeza kitufe kama kila asubuhi, lakini siku hiyo orodha haikufunguka. Kompyuta ilimwambia kwa Kiingereza kwamba siku thelathini za kujaribu bure zimekwisha, aweke namba ya malipo.

Alikuwa karani wa shirika dogo la kusaidia yatima, Miembeni, Bukoba. Ulikuwa mwaka 1994, na UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi mno mikononi mwa bibi zao. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na majina themanini na sita ya watoto wa kisiwa cha Bumbire. Saa sita gari lingeondoka na mablanketi na sare za shule kwenda Muleba, kukutana na boti ya kisiwani. Mfadhili alishasema: asiye kwenye orodha hapewi. Fomu za karatasi Zuena alikwisha kuzichoma, akiamini mashine haisahau.

Wiki nzima programu ilimwonya: zimebaki siku tano, zimebaki mbili. Aliyafuta maonyo yale kama anayefukuza nzi.

Alikimbia dukani kwa Pradip, aliyewaletea programu hiyo. Pradip akapiga simu Nairobi kwa wauzaji. Laini ilikatika mara tatu.

"Dada Zuena," akasema akiwa bado ameshika simu, "kufungua kuna bei yake. Kuchapisha kuna bei nyingine."

"Si walisema bure?"

"Bure ya kuonja."

Mzee Buberwa, mkuu wa shirika, alikuwa amefika mlangoni pa duka, jasho linamtoka. "Kamati haikai mpaka Jumatatu. Siwezi kulipa bila kamati."

 Pradip akawaambia wa Nairobi pesa ya kufungua atalipa yeye. Ya kuchapisha hakuwa nayo.

Saa nne na nusu, ofisini kwa shirika, Pradip aliingiza namba aliyopewa, orodha ikafunguka. Pradip alisoma, Zuena akaandika kwa mkono. Pradip alizaliwa Bukoba. Majina ya Kihaya hayakumpiga chenga. Walipofika la sabini na moja, umeme ukakatika. Wakangoja. Dereva akapiga honi mara ya pili.

"Nakwenda na majina haya mwenyewe," Zuena alisema.

Kisiwani alisoma majina sabini na moja. Watoto kumi na watano wakabaki wamesimama. Mwakilishi wa mfadhili, aliyesafiri na Zuena, akafunga kalamu yake.

"Kosa ni langu," Zuena akawaambia watu kwa Kihaya. "Fomu zao nilizichoma mimi. Nisaidieni."

Bibi mmoja akamshika mjukuu wake mkono, akalitaja jina lake, la babake na la mamake, wote marehemu.

"Namjua, waitu," jirani akaitikia kwa neno la heshima la Kihaya.

Mwakilishi akampa Zuena kalamu. "Andika. Lakini kila jina utie saini yako, si ya shirika."

Wengine wakatajwa na kushuhudiwa vivyo hivyo, na Zuena akatia saini kumi na nne. Wa mwisho alikuwa msichana mgeni kisiwani. Bibi yake alikuwa mgonjwa kitandani, na hakuna aliyejitokeza kumsemea. Zuena aliinama, akamwuliza jina lake taratibu, akaliandika, akatia saini bila shahidi.

Jumatatu kamati ilimpa Zuena barua ya onyo kwa kuchoma fomu. Siku hiyohiyo ikalipia programu.