Mkono wa Mama Kwenye Sahani Nyekundu

Nimepewa mpaka Ijumaa kuichemsha sahani ya mama.

Si sahani ya kulia. Ni ile ya maabara, ya plastiki, bapa na yenye kifuniko. Ndani ina jeli nyekundu iliyochanganywa na damu ya kondoo, na juu ya jeli hiyo kuna mkono wa mama yangu: kiganja, vidole vinne, na kidole gumba kilichopinda kwa nje. Hakuna aliyeuchora. Ni bakteria wa ngozi yake walioota kila mahali alipogusa, vitone vyeupe vilivyosongamana kama punje za mchele. Wako hai mpaka leo. Mama tumemzika wiki mbili zilizopita.

Sheria ya meza yetu ni kwamba sahani ikishasomwa haikai. Inatiwa kwenye chungu cha mvuke, inachemshwa kwa presha mpaka kila kilichomo kife, ndipo inatupwa. Msimamizi wetu, ambaye hospitali nzima inamwita Bwana Sahani, ameniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi: "Binti, mimi sikusukumi. Lakini Ijumaa tunasafisha friji yote."

Naandika haya Alhamisi, na kabla ya kesho kuna mtu mmoja ninayepaswa kumwambia jambo. Naona ni heri kuanza kulieleza hapa, maana mimi kusema ni mzito tangu utotoni. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu wangu ukitaka aongee, mpe karatasi."

Mama alikuwa fundi cherehani, cherehani ya miguu, na gumba lake lilipinda siku sindano ilipopita ukucha hadi upande wa pili, kabla sijazaliwa. Miaka minane ya mwisho alikuwa na kisukari. Kila mwezi alikuja hospitalini kupima, kisha alipita dirishani kwetu kunisalimia, huku akijifanya amepotea njia.

Siku moja alipopita, Bwana Sahani alikuwa akiandaa somo la wanafunzi wa uuguzi. Kila mmoja alikuwa ameweka kiganja chake kwenye sahani yake. Alipomwona mama akichungulia, alimwita.

"Mama, hebu tuazime mkono."

"Mkono? Kumbe humu ndani mnapiga ramli?"

"Tunapiga. Keshokutwa tutakuambia utaolewa na nani."

"Basi mwambieni aje na miguu yake. Hii yangu imechoka."

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akaangusha kalamu. Mama aliweka kiganja juu ya jeli, akakibana kidogo kama anayenyoosha kitambaa, akakiondoa. Bwana Sahani akaandika kwa wino mwekundu chini ya sahani: Mama wa Mezani Kwetu.

Keshokutwa yake niliwahi kazini nikalifungua kabati la joto la kuoteshea sahani kabla ya wote. Sahani za wanafunzi zilikuwa na vitone vichache hapa na pale, kwa sababu walikuwa wamejisugua spiriti dakika chache kabla. Ya mama ilikuwa imejaa. Mkono mzima ulikuwa mweupe, mnene, wa kutisha.

Niliona aibu. Nasema ukweli, niliona aibu kwa ajili ya mama yangu. Chuoni niliwahi kuulizwa kwenye mtihani kuhusu bakteria wasiodhuru wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, nikajibu vizuri na kupata alama zote. Lakini la mtihani hukaa kichwani, na aibu hukaa tumboni. Nilichokiona ni kwamba wanafunzi wataingia, watasimama mbele ya sahani hii, na watasema mama wa yule dada mkimya ni mchafu.

Niliifunga kwa utepe nikaificha ndani ya friji, kwa nyuma, chini ya maboksi ya zamani. Bwana Sahani alipouliza nilisema, "Imepasuka." Akasema, "Pole, ndiyo niliyokuwa naitegemea," akaendelea na somo kwa sahani nyingine. Mimi nilitumwa kupokea sampuli dirishani. Somo lenyewe sikulisikia.

Jioni ile nilikwenda nyumbani na chupa ya dawa, ile ambayo madaktari hujisugulia mikono kabla ya kupasua. Nilimwambia mama kwamba mtu wa kisukari lazima ajilinde na vijidudu. Hilo ni kweli. Nilimwambia kuanzia sasa nitamwosha mikono na miguu kwa dawa hii na brashi, asubuhi, mchana nikija kula, na jioni. Hilo nililitunga mwenyewe.

"Na mafuta yangu?" aliuliza. Kila jioni alikuwa akiosha miguu kwa maji na sabuni ya kawaida, anaikausha katikati ya vidole kwa kipande cha flana, kisha anaipaka mafuta taratibu, huku akiisema kama wanafunzi wake wa ushonaji: wewe leo umefanya kazi, wewe umetegea.

"Mafuta yanashika uchafu, mama."

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, akanyoosha miguu kwenye beseni. "Ila siku hizi mkuu ni wewe, na guu ni langu."

Tulicheka wote wawili. Kicheko kile nakikumbuka kila nikifungua bomba.

Mama mdogo, mdogo wake wa kunyonya ziwa moja, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa akija kutazama kama sinema.

"Dada, huyu mtoto atakuosha mpaka tukuanike kwenye kamba."

"Acha wivu. Wako alikuosha lini?"

"Wangu hata vyombo haoshi!"

Mama aliwatangazia wateja wote. Mtu akija kupunguziwa sketi, anaonyeshwa mikono. "Binti yangu ananiosha dawa ya hospitali, kama daktari anayeingia kupasua." Hakuwa na haja ya kujisifu juu yangu, mimi ambaye nilimficha kwenye friji.

Wiki ya pili ngozi yake ilianza kupauka kama ubao uliofutwa chaki. Viganja vikawa vinakwaruza vitambaa vya hariri. Nikamuuliza kama inamuuma. Akasema, "Inachoma kidogo, lakini dawa ya kweli lazima ichome, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Kuanzia hapo akawa anavaa soksi ndani ya nyumba, na kunyoosha miguu kwenye beseni upande wa vidole tu. Sikugeuza kisigino kutazama. Mwuguzi yeyote wa mwaka wa kwanza angekigeuza.

Mwisho wa wiki ya tatu aliamka akitetemeka. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na wekundu umepanda hadi gotini. Kwenye kisigino palikuwa na ufa, si mkubwa, ungeweza kuufunika kwa kifungo cha shati. Alilazwa asubuhi hiyo hiyo. Pamba iliyopanguswa kwenye kile kidonda iliteremshwa maabara, ikaja mezani kwangu kama sampuli nyingine yoyote, na nambari yake.

Kidonda cha kawaida hutoa mchanganyiko: weupe, kijivu, wa kila namna. Kesho yake nilipoinua kifuniko, sahani ile ilikuwa na aina moja tu. Vitone vya manjano, mviringo, vinavyong'aa, vimetanda ukingo hadi ukingo. Sisi tunawaita wa dhahabu. Ndio wanaopenda kuingia kwenye nyufa za ngozi na kwenda mbali. Siku nyingine ningefurahi kuona sahani iliyo safi namna ile, haina wa kuchanganya, kazi nyepesi. Nilitafuta hata kitone kimoja cheupe. Hakikuwapo.

Daktari alisema sumu imeingia kwenye damu na sukari imekataa kushuka. Walimtundikia dawa. Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikiwa nasoma sahani za watu wengine, mwuguzi wa wodi alikuja kusimama mlangoni bila kuingia.

Niliporudi kazini baada ya msiba, Bwana Sahani alikuwa ameanza kusafisha friji. Sahani ilikuwa juu ya meza, utepe wangu bado umeizunguka.

"Uliniambia imepasuka."

Nikamweleza yote, nikitazama viatu vyake. Nilipomaliza alivaa glavu, akachukua sahani mpya, akaipaka wale wa dhahabu juu kote, kama mtu anayepaka siagi. Kisha akachota kwa kijiti kitone kimoja cheupe kutoka kwenye gumba la mama, akakiweka katikati.

"Hili ndilo lilikuwa somo la siku ile," akasema. "Njoo kesho."

Kesho yake wa dhahabu walikuwa wameota kila mahali, isipokuwa katikati. Kitone cha mama kilikuwa kimekaa peke yake, na kukizunguka palikuwa na duara safi, upana wa kifungo, ambamo hakuna wa dhahabu hata mmoja aliyethubutu kuota.

"Si wote wanaofanya hivi," alisema Bwana Sahani. "Wengine kazi yao ni kukaa tu. Wamejaa mlangoni, wamekula kilichopo, mgeni mbaya akija hana pa kuweka mguu. Ila wa mama yako walikuwa wanapigana."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaua."

Alivua glavu, kidole baada ya kidole. Nilijua anatafuta neno la kunifariji, na nilijua pia kwamba yeye si mtu wa kuandika jibu ambalo hakuliona kwenye sahani.

"Brashi na dawa ile viliipasua ngozi, na viliwatoa walinzi. Hilo siwezi kukuficha. Lakini kisukari cha miaka minane nacho hupasua visigino, na wa dhahabu huingia hata pasipo brashi. Kama asingeoshwa, angekuwa hai leo? Sijui, binti. Hata ningekuwa na sahani elfu, nisingejua."

Sasa huyo mtu ninayepaswa kumwambia. Jana mama mdogo alikuja kukaa nami. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akavua viatu, akasema pole pole, "Mwanangu, nami wamenipima. Sukari. Ile dawa aliyokuwa anaisifu dada, imebaki? Nianze kujiosha nayo."

Nilimwambia nitaitafuta. Niliitafuta kweli, wakati ilikuwa mbele yangu dirishani.

*

Imekuwa Ijumaa. Nimemaliza.

Jana jioni nilikwenda kwa mama mdogo na chupa mkononi. Nilikuwa nimemwandikia barua, nikamkabidhi, akairudisha. "Mimi miwani sina. Sema."

Nikasema. Sikuacha kitu: aibu, friji, uongo, mafuta niliyoyakataza, kisigino ambacho sikukigeuza. Nikamwambia dawa hii asiiguse, aoshe miguu kwa maji na sabuni ya kawaida, aikaushe, aipake mafuta, akiona ufa aende hospitali siku hiyo hiyo. Nilisema kwa haraka kama mtu anayekariri, kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena.

Mama mdogo hakulia. Alinitazama kwa sura nisiyoijua.

"Yaani dada alikuwa anajua mwenyewe," akasema. "Maji, sabuni, mafuta. Miaka yote."

"Ndiyo."

"Na wewe msomi ukamwachisha."

"Ndiyo, mama mdogo."

Akachukua chupa mkononi mwangu, akaenda nayo uani. Nilisikia dawa ikimwagika chini, muda wote mpaka ikaisha. Hakurudi ndani. Nikasubiri, kisha nikajiondokea.

Leo asubuhi niliifungua friji. Niliinua kifuniko cha sahani, jambo ambalo haturuhusiwi kufanya bila sababu, nikashusha kiganja changu juu ya kiganja chake bila kugusa. Vidole vyangu vimezidi kidogo. Gumba langu limenyooka. Nilikaa hivyo mpaka mkono ukachoka, nikafunika, nikaiweka kwenye chungu cha mvuke pamoja na nyingine, nikakaza skrubu.

Bwana Sahani alisimama karibu nami mpaka mshale wa presha ulipopanda na baadaye kushuka. Tulipofungua, jeli ilikuwa imeyeyuka na kuwa kahawia, na mkono haukuwapo.

Nikapokea ujumbe wa simu saa sita. Ni wa mama mdogo, anaandikiwa na jirani yake, maana miwani hana. Anauliza: mafuta gani, yale ya dada ya kopo la bluu, au yoyote tu?

Nimemjibu: yale ya kopo la bluu. Yako kwenye droo ya cherehani. Nitakuletea nikitoka kazini.